Kikombe na Jeneza

Ambroży aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili wake, kama mtu anayetoa panya ndani ya nyumba. Sabina hakuhitaji kuambiwa. Lilikuwa shairi la harusi yake mwenyewe.

"Iweke hapo," alisema bila kuinua uso kutoka kwenye sanduku la herufi za chapa.

"Hata salamu hunipi?"

"Salamu utapewa na aliyekutuma. Mimi nangoja kazi."

Akaiweka. Hakuondoka. Alisimama palepale penye dirisha, kofia mkononi, mwalimu msaidizi mrefu na mwembamba, koti limechakaa viwiko, na macho yale ambayo Sabina alikuwa ameapa tangu Jumapili kwamba hatayatazama tena. Akayatazama. Ulimi huapa lake na moyo hufanya lake.

Mjini Toruń mtu mwenye jina hakuoa wala hakuzikwa bila karatasi. Harusi ilitaka kikombe: mistari mirefu juu pakawa mdomo, mifupi katikati pakawa shina, mirefu tena chini pakawa kitako. Msiba ulitaka jeneza, mabega mapana na miguu myembamba, ndani ya fremu nyeusi. Maneno yaliumba sura, na sura ndiyo watu waliyoitaka. Walioyasoma walikuwa wachache. Wengi walitazama tu, wakasema "kikombe kizuri hicho" au "maskini, Mungu amrehemu", wakaitundika ukutani karibu na jiko.

Ambroży ndiye aliyeziandika. Sabina ndiye aliyezipanga, herufi moja moja za madini ya risasi, katika kiwanda cha kupiga chapa cha baba yake. Na humo ndimo mapenzi yalimoingilia. Ambroży angeleta mstari mrefu kupita kiasi, Sabina angesema, "Umezidi. Punguza," naye angeketi kwenye kigoda kando yake, bega kwa bega, wakitafuta neno la kutoa. Baada ya muda alikuwa akiirefusha mistari makusudi. Sabina alijua. Alimwachia, kwa sababu kigoda kile kikiwa kitupu kiwanda chote kilikuwa baridi.

Sasa akaivuta karatasi. Kikombe kilikuwa kimechorwa kwa mwandiko mzuri wa Ambroży:

```
Jazeni vikombe, majirani, leo Sabina anatoka
  nyumba ya babake, anakwenda kwa bwanake,
       awe mpole, awe mtiifu, awe taa
          ya chumba chake, na jina
                 lake liwe
                   Lemke,
                   Lemke
                   daima
                  dawamu.
   Mungu awape heri, wana na uzee mwema.
```

Sabina aliisoma mara moja. Masikio yakamwaka moto.

"Mtiifu," alisema.

"Sabina..."

"Wewe Ambroży, umeniona mtiifu lini? Nitajie siku. Hata saa moja tu."

"Kila bibi harusi wa mji huu ni mtiifu kwa kalamu yangu. Ndivyo wanavyotaka."

"Na mpole! Mimi niliyekupiga kwa brashi ya wino?"

Ambroży alitaka kucheka, akaigeuza kofia mkononi. "Baba yako alikuja mwenyewe shuleni. Alisimama mbele ya mwalimu mkuu, akasema nataka kikombe, na kiandikwe na Ambroży. Ningesema nini?"

"Ungesema hapana. Neno fupi, linaenea mstari wowote."

"Halafu angempa mtu mwingine. Mtu asiyekujua angekaa aandike juu yako. Hilo lilinishinda. Nikasema basi, kama sina sehemu nyingine katika siku yake, niwe na hii."

Sabina akasimama. Alikuwa msichana wa kimo cha wastani, lakini akisimama kwa hasira watu waliokuwa karibu walirudi nyuma kidogo, naye Ambroży akarudi.

"Kumbe ulitaka sehemu. Wenzako huja wakagonga mlango wakasema namtaka binti yako. Wewe umeomba kubeba sinia."

"Nije na nini kwa baba yako? Nije na viwiko hivi? Unaijua sheria ya chama kuliko mimi."

Aliijua. Mzee Baltazar hakuwa na mtoto wa kiume, na chama cha wapiga chapa hakikukubali mtambo wa kuchapia ubaki mikononi mwa mwanamke. Ungebaki katika nyumba ile kama binti angeolewa na mpiga chapa, basi. Ndiyo maana alikuwa amepatikana Bwana Joachim Lemke wa Gdańsk, mgane mwenye tumbo na sifa, fundi aliyefuzu. Kesho adhuhuri angekuja kula bata bukini na kupeana mikono ya uchumba na Sabina mbele ya jamaa, na katika mji ule mkono uliotolewa mbele ya jamaa haurudi. Lemke hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemletea Sabina glavu nyeupe za ngozi laini, akamwambia kwa upole wote, "Ukishakuwa mke wangu, bibi, hutaigusa risasi tena. Mikono ya mwanamke si ya wino." Alidhani amempa zawadi mbili kwa siku moja.

"Mimi sikuulizi habari za chama," Sabina alisema, sauti imeshuka. "Nakuuliza wewe. Unanitaka au hunitaka?"

"Unajua."

"Sijui! Umeandika mapenzi ya watu wa mji mzima, ya mwoka mikate, ya muuza chumvi, ya yule kiziwi na mkewe wa tatu. Yangu mimi hujayaandika hata mstari mmoja. Leo unaniandikia, unaweka Lemke mara mbili."

"Shina lilitaka mistari miwili..."

"Toka."

"Sabina, sikiliza."

"Toka nje, Ambroży. Nina kazi ya kupanga, na mwandishi wake amekwisha kulipwa."

Alitoka. Mlango ulipojifunga, Sabina aligundua kwamba ameikunja ile karatasi ndani ya ngumi. Akaikunjua juu ya meza, akaipiga pasi kwa kiganja, akashika kibao cha kupangia. Kazi ni kazi. Alipanga mdomo wa kikombe, akapanga tumbo lake. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya risasi naye anayafuta kwa mkono wa nguo, anaendelea. Akafika kwenye shina.

L. E. M. Zile herufi alizishika maisha yake yote na hazikuwahi kumlemea. Alijaribu kuziweka. Mkono ukakataa.

Kisha akakivunja kikombe. Hakubadili neno hata moja. Alichukua maneno yaleyale ya Ambroży, akayakata upya, mstari mfupi, mstari mrefu kidogo, mrefu zaidi, kisha kupungua taratibu kuelekea miguuni, na safari hii jina la Lemke lilikaa bila taabu. Akapaka wino, akachapa nakala moja.

```
     Jazeni vikombe,
   majirani, leo Sabina
anatoka nyumba ya babake,
anakwenda kwa bwanake, awe
mpole, awe mtiifu, awe taa
 ya chumba chake, na jina
  lake liwe Lemke, Lemke
   daima dawamu. Mungu
     awape heri, wana
      na uzee mwema.
```

Lilikuwa jeneza zuri kuliko yote aliyowahi kupanga.

"Mzee Walenty!" aliita.

Walenty, mvuta mtambo, alikuja akiburuta miguu. Alikuwa amevuta mtambo ule tangu enzi za babu yake Sabina, na hakujua kusoma hata jina lake.

"Mpelekee mwalimu Ambroży. Mwambie hii ndiyo kazi yake, asahihishe anirudishie."

Walenty akaitazama karatasi, akavua kofia. "Haya, binti. Mungu amrehemu."

Sabina hakusikia, au alisikia hakujali. Mshonaji alikuwa anamngoja kumpima gauni la kijani. Akaziacha herufi kama zilivyo juu ya jiwe la mtambo, pale zinapopigiwa chapa, akatoka, bila kukumbuka desturi moja ya kiwanda ambayo hata paka wa nyumba ile aliijua: kikombe hungoja, jeneza halingoji. Kazi ya harusi hukaa mpaka mwenye kiwanda aseme "piga chapa". Kazi ya msiba hupigwa chapa hapohapo, huwekwa fremu nyeusi na fuvu juu yake, na kabla ya jua kuchomoza husukumwa chini ya milango ya wanachama, jamaa na majirani wote, maana maiti hana subira.

Walenty hakuuliza nani kafa. Hakuwahi kuuliza.

*

Kesho yake adhuhuri nyumba ilinukia bata bukini na tufaha. Mzee Baltazar alikuwa amevaa joho lake jeusi la sherehe za chama na miwani aliyoisugua mpaka ikang'aa. Alizunguka meza akihamisha vijiko visivyohitaji kuhamishwa. Sabina alikuwa ndani ya gauni la kijani. Hakuwa amelala. Alikuwa amengoja tangu jana jioni mtu alete ile nakala iliyosahihishwa, na hakuna aliyeleta.

"Uso huo," baba yake alisema. "Mgeni atadhani tunampeleka gerezani."

"Baba, nikuulize tena?"

"Usiniulize."

"Ukiamka asubuhi ukaambiwa hutagusa herufi mpaka ufe, ungeiitaje siku hiyo?"

"Ningeiita uzee," mzee alijibu. "Mwanangu, mimi sina uadui na furaha yako. Lakini mashairi hayavuti mtambo. Nikifa leo, chama kitakuja kesho na mkokoteni, kitabeba kila kitu mpaka kigoda. Lemke ataulinda mtambo."

"Ataulinda mtambo. Na mimi?"

Mlango ukagongwa. Mzee akapata nafuu ya kutojibu, akamwonyesha kwa kidevu akafungue.

Sabina alifungua. Kizingitini alisimama shangazi yake Kunegunda, dada wa baba, aliyekaa ng'ambo ya mto. Amevaa nyeusi juu mpaka chini, shela nyeusi usoni, kitambaa mdomoni. Mwanamke yule aliinua shela, akamtazama Sabina, akapiga yowe lililowarusha njiwa wote wa paa lile.

"Yesu wangu! Ametoka!"

"Nani katoka, shangazi?"

"Usinisogelee!" Kisha akamshika, akambinya shavu, akambinya mkono, akaanza kulia upya. "Una moto! Mwana mjinga wewe, una moto! Nimelia tangu alfajiri mpaka kichwa kimevimba, nimewaambia watu wa kivukoni wasinitoze maana naenda kuzika!"

"Kumzika nani?"

Kunegunda alichomoa karatasi kifuani. Fremu nyeusi. Fuvu juu. Na ndani yake jeneza, na ndani ya jeneza, mstari wa pili, jina Sabina.

Nyuma ya shangazi barabara ilikuwa imejaa nguo nyeusi. Wanachama wa chama na wake zao, mwoka mikate ya asali na wanawe, muuza chumvi, hata yule kiziwi na mke wake wa tatu, wote wamevaa nguo za msiba, kila mmoja na karatasi mkononi. Walipomwona marehemu amesimama mlangoni na gauni la kijani, wakasimama. Mtu mmoja nyuma alisema, "Mbona ana rangi nzuri?" akanyamazishwa.

Mzee Baltazar alikuja mlangoni. Akaipokea karatasi kwa dada yake. Aliitazama muda mrefu, na kadiri alivyoitazama ndivyo damu ilivyomtoka usoni.

"Walenty!" alifoka.

Walenty alikuwa jikoni akingoja shingo ya bata. Alikuja akifuta mdomo. "Bwana?"

"Nani alikuambia uipige hii?"

"Ni jeneza, bwana," Walenty alisema kwa mshangao wa kweli. "Jeneza halingoji."

"Hukuona kwamba..." Hakukuwa na la kumlaumu mzee wa watu. Mji mzima ulikuwa na karatasi ile tangu alfajiri. Wajuao kusoma walikuwemo tele, na hakuna hata mmoja aliyefika kwenye mstari unaosema jazeni vikombe. Wote walitazama sura, wakafungua makabati, wakatoa nguo nyeusi.

Wakati huohuo watu wakapisha njia, na Bwana Joachim Lemke akapita katikati yao. Amevaa zambarau, kofia ina unyoya, mkononi amebeba kikombe cha fedha cha uchumba. Alikuwa akiinamisha kichwa huku na huku kwa heshima.

"Poleni, poleni sana," alisema. "Nani amefariki?"

"Sabina," mwoka mikate akamjibu.

"Sabina yupi?"

Lemke akamwona Sabina mlangoni, akaiona karatasi, akaichukua, na kwa kuwa alikuwa fundi aliyefuzu, alifanya jambo ambalo mji mzima haukulifanya. Aliisoma. Alilikuta jina lake kwenye miguu ya jeneza. Mara mbili.

"Ni makosa ya kiwanda," Mzee Baltazar alisema haraka. "Bwana Lemke, ni makosa, mtu wangu hajui kusoma. Karibuni ndani jamani, karibuni, bata anapoa. Sabina, waambie. Waambie ni makosa."

Wote wakamgeukia. Hapo ndipo palikuwa na mlango wa kutokea, mpana, baba yake ameushikilia wazi. Neno moja tu, *makosa*, na watu wangecheka mpaka walie, wangekaa mezani na nguo zao nyeusi, hadithi ingesimuliwa miaka na miaka, na kabla ya bata kuisha yeye angeshampa Lemke mkono. Sabina alimtazama baba yake. Alimpenda, na midomo ya mzee ilikuwa inatetemeka. Alitaka sana kumsaidia.

"Fremu ni makosa," alisema. "Na fuvu. Na kuwasumbua nyinyi alfajiri, ni makosa, nawaomba radhi, shangazi wewe kwanza. Lakini jeneza nimelipanga mimi, kwa mikono yangu, na akili yangu ilikuwepo."

"Sabina!"

"Niache niseme, baba, maana leo ndiyo siku ya kusema. Jana nilipewa shairi la harusi nilipange. Nilipanga kikombe, kikakataa. Maneno yale yalipokuwa jeneza yalikaa yenyewe, sikulazimisha hata nukta. Bwana Lemke, wewe ni fundi, unajua kazi inayokaa na isiyokaa. Hukunikosea. Ulinipa glavu. Lakini mtu akinivika glavu nisishike herufi tena, hajanioa, amenizika. Kwa hiyo nyinyi mliovaa nyeusi hamkupotea njia. Mngekuja na nguo za rangi ndipo mngekosea."

Kunegunda alijiziba mdomo, lakini macho yake juu ya kitambaa hayakuwa ya kulia tena.

Lemke aligeuza kikombe cha fedha mkononi. Alikuwa amepauka. "Bibi," alisema, "nimeshazika mke mmoja. Mke ambaye jeneza lake limetangulia kuliko pete, mimi siwezi. Ni mkosi. Na huko kwetu Gdańsk watanicheka mpaka nihame." Akamgeukia Mzee Baltazar, akainama. "Kwa heri, mwenzangu. Umelea mpangaji hodari. Mke ni jambo lingine." Akaivaa kofia yake ya unyoya, akaondoka na kikombe chake. Watu wakampisha tena, na wengine, kwa mazoea ya nguo walizovaa, wakamwambia pole.

"Umeridhika?" Mzee Baltazar alimwuliza binti yake kwa sauti ndogo. "Umenivua nguo mbele ya chama. Sasa nani? Nani mwingine atakayekuja kugonga mlango huu?"

"Mimi, mzee."

Ambroży alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mfereji, na hakuna aliyejua tangu lini. Alisogea mbele. Yeye peke yake katika umati ule hakuvaa nyeusi. Alikuwa na koti lile lile la viwiko. Karatasi aliyoshika haikuwa na fremu, ilikuwa ile nakala ya jana.

"Nilitumwa kusahihisha," alisema. "Nimekesha nayo. Nimesahihisha." Akaiinua wote waone. Shairi lote lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mnene wa wino, toka kichwani hadi miguuni. "Maneno ni yangu, na mimi nayafuta. Yalikuwa ya uongo. Huyu si mpole. Mtiifu hajawahi kuwa, hata saa moja. Niliyaandika kwa woga. Nimewaandikia nyote, mwoka mikate nimekuandikia, muuza chumvi nimekuandikia, na kila kikombe nilichowaandikia nilikuwa namwangalia yeye. Mzee Baltazar, namtaka binti yako."

Sabina aliushika mwimo wa mlango. Alisimama wima mbele ya watu waliokuja kumzika.

"Na chama?" mzee akauliza. "Utawaambia nini chama? Wewe mtu wa kalamu."

"Nitavaa aproni. Nitaanza mwanzo kama mwanafunzi, nifagie, nichemshe gundi, nivute mtambo na mzee Walenty. Mpaka nifuzu."

"Umri huo!"

"Umri huu huu."

"Nani atakubali kumfundisha mtu mzima kama mtoto?"

"Mimi," Sabina akasema.

"Sijakuuliza wewe!"

"Najua hujaniuliza, baba. Hakuna aliyeniuliza tangu jambo hili lianze, ndiyo maana watu wamevaa nyeusi."

Mtu fulani, huenda kiziwi, alicheka. Kunegunda akamshika kaka yake mkono, akamwambia, "Baltazar, mimi nimemlilia mtoto huyu asubuhi hii. Sijui kama unajua ilivyo. Wewe hukulia, ulikuwa unapanga vijiko. Mimi simlilii mara mbili." Kisha akawageukia watu. "Bata yupo. Aliyekuja kula matanga na ale. Ingieni!"

Wakaingia, maana katika mji ule mtu aliyekwisha kufunga duka lake kwa ajili ya msiba haondoki na njaa.

Sabina hakukaa mezani. Alipita katikati ya nguo nyeusi, akavuka ua, akaingia kiwandani, na Ambroży nyuma yake. Jeneza lilikuwa bado juu ya jiwe. Alilivunja kwa kiganja kimoja, herufi zikamwagika. Akapandisha mikono ya gauni la kijani, na wino ukalipata papo hapo.

"Keti," alisema.

Ambroży akakiketia kigoda. Bega lake likagusa la Sabina, wote wawili kama watu waliorudi nyumbani wakakuta moto bado unawaka.

"Nilidhani hutakuja," Sabina akasema.

"Nilifika alfajiri. Niliiona ile yenye fremu mlangoni kwa jirani. Nikajua wewe u mzima, nakala yake nilikuwa nayo tangu jana. Lakini miguu ilikufa ganzi. Kuisoma tu, Sabina. Jina lako humo ndani."

"Sasa unajua nilivyojisikia."

"Najua."

"Basi sema. Usitake kalamu. Sema, mimi napanga."

Alisema, mstari kwa mstari, akisita, akirudi, na vidole vya Sabina vilikuwa vinachota herufi kabla neno halijamaliza kutoka mdomoni. Kelele za wageni zilivuka ua, mtu amekwisha kuanza kuimba. Walipomaliza, kivuli kiliangukia jiwe. Mzee Baltazar alikuwa amesimama nyuma yao na joho lake jeusi, na hawakujua amesimama muda gani. Herufi zilisimama juu ya jiwe kinyumenyume, kama zisimamavyo siku zote, na mzee hakuhitaji karatasi kuzisoma:

```
Jazeni vikombe, majirani, hata kwa mikono ya msiba,
      aliyeliliwa asubuhi kawafungulia mlango,
          hakuwa taa ya mtu, alikuwa moto,
                 na leo wanasimama
                 Sabina na Ambroży
                 Sabina na Ambroży
                 mbele ya baba yao
 wakiomba baraka, na wasipopewa watangoja hapahapa.
```

Mzee alikitazama kikombe. Alitazama sura yake, kama mtu mwingine yeyote wa mji ule.

"Shina ni nene mno," alisema hatimaye, kwa ukali. "Shina hubeba jina moja. Umezidi. Punguza."

Ambroży akafungua mdomo. Sabina akamkanyaga mguu.

"Sipunguzi."

"Toa jina moja, nimesema. Hakijawahi kutoka kikombe cha namna hiyo katika kiwanda hiki. Kitakuwa kibaya."

"Kitakuwa kibaya, baba," Sabina akasema. "Lakini kitasimama."

Mzee Baltazar alivua miwani, akaifuta kwa pindo la joho, akaivaa tena. Kisha akainama juu ya jiwe, akaweka kidole chake kwenye herufi ya kwanza ya mstari wa kwanza, na bila kung'oa jina hata moja akaanza kusoma.